Maji, Raba na Kalenda ya Mwezi: Ninavyoendesha Kazi ya Kuosha Madirisha Kampala

Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea niliifanya Ntinda, nyumba ya ghorofa moja, na niliiharibu kwa sabuni. Jirani yangu alikuwa anapika sabuni ya maji nyumbani, ile ya ungarol, malighafi nzito ya kutengenezea povu, akaniuzia jerikeni ya lita 5 kwa bei ya ujirani. Nzito kama uji wa mtama, povu linapanda mpaka linamwagika nje ya ndoo. Nikaosha, nikavuta maji, nikafuta pembe, vioo vikang'aa. Mwenye nyumba akanikaribisha chai. Chai haijaisha, jua likahamia upande wa magharibi likavipiga vile vioo kwa ubavu, na kila kimoja kikatoka ukungu mweupe, kama mtu amekihemea na pumzi ikagoma kuondoka. Mzee hakufoka. Alisema tu, "Mama, hata vumbi langu lilikuwa na afadhali."

Wanaopika sabuni ile huifanya nzito kwa kutia chumvi. Raba ya kuvutia maji haiivuti chumvi yote. Inabaki juu ya kioo, na maji yakikauka inajionyesha. Ikikaa kwenye fremu za alumini inazila, zinaota vidoa vidogo visivyotoka tena. Tangu siku ile chochote kinachotaka kugusa kioo cha mteja wangu nakiuliza swali moja: nikimaliza, utabaki? Kinachobaki sikitaki, hata kiwe kinasafisha namna gani.

Nilizaliwa kambi ya polisi Nsambya, baba alikuwa askari, ndiyo maana Kiswahili, lugha ya kambini, ndicho ninachoota nacho. Kuosha vioo nilijifunzia Doha, miaka 2 kwenye kampuni ya usafi iliyotupa sabuni tayari imepimwa, hivyo sikuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini. Leo nina vijana watatu na dada mmoja, na pikipiki ya kukodi yenye boksi nyuma. Wiki haipiti bila mtu kuniuliza aanzie wapi.

Vya kununua kwanza

Usianze na mashine. Nunua raba ya kuvutia maji ya inchi 14, nyingine ndogo ya inchi 6, kipakio chenye soksi ya manyoya, vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua 10, kikwangulio chenye wembe wa kubadilisha, brashi laini kavu na ndoo. Ndoo nzuri ni ya mstatili ili kipakio kizame chote. Mimi nilianza na ndoo ya rangi ya lita 20 na sikufa.

Usichanganye raba ya kioo na ile ya kusukumia maji sakafuni, iliyojaa soko la Kikuubo. Ya sakafuni ni nene na laini, inaburuta maji badala ya kuyakata. Ya kioo ina ulimi mmoja wenye ukingo uliokatwa mraba, ukipitisha kucha unaisikia kona yake. Umbo hilo, la shaba nyepesi na ulimi mmoja, alilipatia hataza miaka ya 1930 Mwitaliano mmoja aliyehamia Oakland, Marekani, Ettore Steccone. Nikiishika ya leo sioni cha maana ambacho watu wameongeza tangu hapo.

Ulimi una kingo mbili. Ukingo mmoja ukichoka utaona mchirizi mwembamba unatokea mahali palepale kila ukivuta. Chomoa ulimi, ugeuze, endelea. Kingo zote zikichoka, tupa. Kijana wangu mmoja alikuwa akiusugua kwa msasa eti "ufufuke". Haufufuki.

Sabuni: ya kuoshea vyombo ya dukani, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10 za maji. Hata hiyo ina chumvi kidogo, ndiyo sababu kijiko ni kimoja. Povu ni la kuifanya raba iteleze, si la kuoga mtoto. Sabuni ya unga ya kufulia inaacha utando. Sabuni ya unga ya kusugulia masufuria inakwaruza. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe inaharibu raba za fremu na alumini. Siki ni nzuri kwa madoa ya chokaa yaliyoachwa na maji ya kisima, lakini ikidondokea kizingiti cha marumaru umejiletea kesi. Na gazeti? Bibi zetu waliling'arishia vioo, ni kweli, ila vioo vyao vilikuwa vinne na fremu zao hazikuwa nyeupe. Wino unahamia kwenye fremu.

Kioo kimoja, tangu mwanzo

Chukua dirisha la sebuleni, kioo cha upana wa mita moja, nyumba iliyo kando ya barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu. Kabla ya maji, brashi kavu: fremu juu, pembeni, kisha reli ya chini. Murram ina mchanga. Ukiimwagia maji ikiwa bado pale unapata tope jekundu, na soksi ya kipakio itaisambaza kioo kizima, chembe zikikwaruza njiani. Wanaoanza hawapendi hatua hii kwa sababu mteja akitazama anaona kama hujaanza kazi. Acha aone hivyo.

Sasa kipakio. Kikamue kisidondoke, paka kutoka juu, zungusha kwenye kingo zote, kisha sugua katikati. Kama kuna kitu kimeganda, kiache kilowe, sugua tena. Kitambaa kikavu kwenye kidole: futa ukanda mwembamba wa juu kabisa, upana wa vidole viwili. Hapo ndipo raba itakapoanzia. Ikianzia kwenye maji, itaruka na kuacha alama ya kuanzia.

Weka raba kwenye ukanda ule mkavu, mpini umeinama kuelekea kwako, vuta hadi chini kwa mkono mmoja usiobadilisha nguvu. Usikandamize, ukiisikia inalia, sabuni ni kidogo au umekandamiza. Fika chini, futa ulimi kwa kitambaa, rudi juu. Mvuto wa pili uupande wa kwanza kwa vidole vitatu. Futa ulimi. Endelea hivyo. Mkono ukizoea utajifunza kwenda kama nyoka: unaanza kona ya juu, unakwenda kulia, unageuza kifundo cha mkono bila kuinua raba, unarudi kushoto, mpaka chini. Inapendeza kutazama na inaokoa muda kwenye vioo vya maduka, lakini mimi mgeni simruhusu kabla ya mwezi. Akikosea mgeuko mmoja anaacha mwezi mchanga wa maji katikati ya kioo, halafu anaufuta kwa kitambaa, na hapo tumerudi kwenye michirizi.

Mwisho ni pembe. Kitambaa kikavu, kidole kimoja, kingo tu. Katikati usiguse. Ukiona tone moja katikati ya kioo na mkono unawasha, uzuie, likikauka halionekani. Kitambaa ulichofutia fremu hakiruhusiwi kurudi kwenye kioo, ndiyo maana nimesema 10.

Tena usioshe kioo chenye jua. Maji yanakauka kabla raba haijafika na sabuni inabaki. Asubuhi tunaanza upande wa magharibi, mchana tunahamia mashariki. Askari wa getini hutucheka kwamba tunakimbia jua kama popo.

Vyuma, luva na wavu

Vitabu vya Ulaya havijui dirisha la Kampala. Letu lina vyuma vya kuzuia wezi kwa ndani, wavu wa mbu, na vioo vinavyofunguka kwenda nje. Raba ya inchi 14 haipiti kati ya vyuma. Hapo ndipo ile ya inchi 6 inalipa: unaipitisha wima kati ya nondo mbili, unavuta kwa vipande vyembamba. Kwa nje, funga kioo kwanza, osha ukiwa nje. Wavu unaotoka utolewe, upigwe mswaki kavu, kisha uoshwe na kulazwa kivulini. Usioshee wavu ukiwa juu ya kioo ulichomaliza. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Luva, yale madirisha ya vipande vya kioo vinavyopandana, hazitaki raba. Vaa glavu mbili za maikrofaiba, moja ya maji na moja kavu, shika kila ubapa kama unavyoshika chapati, vuta kutoka ndani ya kibanio kuja katikati. Luva za zamani zina ncha kali na vibanio vimelegea. Bei yake iwe juu ya ile ya kioo cha kawaida, kwa sababu dirisha moja la luva lina bapa 8 hadi 10 na kila bapa ina nyuso mbili. Hesabu hiyo wateja hawaifanyi mpaka uwafanyie.

Uchafu una jina lake

Uchague njia kwa kuutazama uchafu, si kwa kutazama ulicho nacho kwenye boksi. Murram tumeshaizungumza.

Korongo wale wakubwa wenye upara, Waganda huwaita kalooli, wamejaa mjini, na kinyesi chao ni cheupe, kigumu na kina asidi ya yuriki. Usikikwangue kikiwa kikavu. Mara nyingi kina vipande vya mifupa. Lowesha kitambaa, kibandike juu yake, nenda ukafanye dirisha jingine, urudi baada ya dakika 10. Kitatoka chenyewe kama ngozi ya uji. Kikiachwa miezi, kioo kinabaki na kivuli kisichotoka, na hilo mwambie mteja kabla hujaanza.

Saruji na rangi baada ya ujenzi ndiko kwenye pesa nzuri na hasara mbaya. Nitasema yangu. Nilipewa nyumba mpya huko Kira, vioo vyenye matone ya plasta. Wembe wangu mpya, vioo vimelowa, nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Kesho yake mkandarasi akaniita: vioo 14 vina mikwaruzo mirefu kama nyuzi za buibui, inaonekana jua likiwa chini. Hakunilipa, na dai lake la fidia lilimeza faida yangu ya miezi miwili.

Vilikuwa vioo vilivyoimarishwa kwa moto. Kioo hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 600 kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Kama kiwandani hawakukiosha vizuri, au roli zina vumbi, chembe za kioo zinaganda usoni mwake. Huzioni. Wembe unazing'oa na kuziburuta, na chembe hizo ndizo zinazochora. Vioo hivi aghalabu huwa na mhuri mdogo pembeni. Kwa hiyo sasa, kwanza, natafuta mhuri. Pili, nalowesha na kupitisha vidole: nikisikia vichembe kama msasa laini, wembe unarudi kwenye boksi na mteja anaitwa aguse mwenyewe. Tatu, nina karatasi ya ukurasa mmoja anayosaini kabla, ikieleza kwamba kwenye kioo cha namna hiyo wembe haupiti bila idhini yake. Pale wembe unaporuhusiwa, kioo kiwe kimelowa, sukuma mbele tu, inua, rudi, sukuma. Ukiuburuta kurudi nyuma unaburuta uchafu chini yake.

Mti mrefu wa maji

Miaka mitatu iliyopita nilinunua mti wa kuoshea: fimbo ya kurefuka yenye brashi kileleni na mpira wa maji ndani yake. Unasimama chini, unasugua, unasuuza, unaondoka. Hakuna raba, hakuna sabuni, hakuna kufuta. Maji yanakauka yenyewe. Siri ni kwamba maji hayo hayana kitu ndani yake, na maji yasiyo na kitu hayana cha kuacha.

Kinachohitajika ni kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kidude cha mkononi kama kalamu. Bomba la nyumbani kwangu, maji yanayotoka Ziwa Victoria, husoma kati ya miligramu 60 na 80 kwa lita. Kisima cha mteja mmoja wa Gayaza kilisoma zaidi ya 300. Kwa mti wa maji unataka sifuri, na namba ikizidi 10 unaanza kuona madoa. Njia ya kawaida ni kuyapitisha kwenye tangi la resini, punje ndogo kama shanga zinazonasa madini yote. Resini inaagizwa kutoka nje na ikijaa imekwisha, ni pesa kila mara.

Ndipo siku moja ya mvua za Aprili nikachovya kile kidude kwenye tangi la mvua la dada yangu Bweyogerere. Kikasoma 9. Nilichovya mara tatu, nikadhani kimeharibika. Maji ya mvua yanashuka karibu safi. Uchafu wake ni wa paa. Kwa hiyo tunaachia mvua ya kwanza ioshe mabati na kumwagika, kisha ndipo tunafungua njia ya tangi. Maji yanapita kwenye chujio la pamba, halafu kwenye resini, na resini iliyokuwa inanimalizikia kwa kasi sasa inakaa, kwa sababu inafanyia kazi 9 badala ya 70. Pima kila asubuhi, lakini. Panya aliyeanguka tangini au majani yaliyooza, na hesabu yote inabadilika.

Mti wa maji una mipaka yake. Osha fremu kwanza na uache dakika chache zidondoke, la sivyo tope la fremu litateremka kwenye kioo safi. Rangi na saruji hautoi. Ndani ya nyumba usiuingize. Na vumbi la murram la miezi sita litakuhitaji upite mara mbili.

Juu na nyaya

Kampala nyaya za umeme zinapita usawa wa ghorofa ya pili, wakati mwingine mkono mmoja kutoka dirishani. Fimbo za kaboni zinapitisha umeme, na zimejaa maji. Kabla ya kurefusha mti, kila mmoja wetu anainua kichwa na kuonyesha waya kwa kidole, hata kama jana tulikuwa hapohapo. Kama waya upo karibu, dirisha hilo haliguswi na mti, linaandikwa kwenye risiti kwamba halikuoshwa.

Ngazi: kwa kila mita 4 za kimo, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu chini ameishika, hashiki simu. Juu ya ghorofa tatu sifanyi. Kazi ya kamba ina mafunzo yake na vyeti vyake; nikiitwa nakataa na kumtajia mteja anayeweza. Nilikataa jengo moja Nakasero ambalo lingenilipia kodi ya nyumba ya mwaka. Nalikumbuka kila nikipita pale.

Pesa, makaratasi na geti

Usitoze kwa siku. Ukitoza kwa siku, kadiri unavyokuwa fundi ndivyo unavyojipunguzia mshahara. Mimi hutembea nyumba nzima kwanza nikihesabu vioo, ndani na nje, kisha namtajia bei moja. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala huwa shilingi 60,000 kwangu, ya ghorofa kuanzia 150,000. Duka la barabarani kioo cha mbele, 10,000 kila wiki, asubuhi kabla hawajafungua. Maduka ndiyo yanayolipa mafuta ya pikipiki. Nyumba ndizo zinazoleta faida. Nusu ya malipo kabla kwa mteja mpya, kwa simu, na jina la anayetuma naliandika palepale.

Jina la biashara sajili URSB, ofisi ya usajili, chukua namba ya mlipa kodi URA, mamlaka ya mapato, leseni ya biashara kutoka KCCA, mamlaka ya jiji, au manispaa yako. Ofisi kubwa haitakupa kazi bila hivyo. Ukianza kufanya kazi na ofisi kubwa, usishtuke kulipwa pungufu: mteja aliyeteuliwa na URA hukata asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1. Dai cheti cha makato hayo, ni pesa yako kwenye hesabu ya kodi. Mwaka wa kwanza sikujua, nikagombana na mhasibu bure. Wafanyakazi waandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: wao asilimia 5, wewe 10.

Halafu kuna geti. Mtu wa kwanza kukuajiri ni askari. Mimi humsalimu, "Shikamoo afande," hata akiwa mdogo wangu, tunacheka, naoshea kioo cha kibanda chake bila malipo. Ni dakika mbili. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi imehamiwa na mama yupi amemfukuza mwoshaji wake jana.

Kalenda

Mvua nzito ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Wateja hufuta miadi mvua ikinyesha, wakidhani inachafua. Vumbi la kabla yake ndilo linalochafua. Kioo kilichooshwa sawasawa kinavumilia mvua. Miezi hiyo mimi hujaza matangi na kufanya ndani.

Kwa Entebbe, Munyonyo na Port Bell nina kalenda nyingine, ile ya msikitini iliyo ukutani kwangu. Inzi wa ziwani hupanda kwa mawingu karibu na mwezi mwandamo, wanaganda kwenye vioo kwa maelfu kufuata taa. Ukiosha siku mbili kabla, umefanya kazi ya bure na mteja atakulaumu wewe. Wakishashuka, usikimbilie maji: wakilowa wanapondeka na kuacha ute wa kijani unaong'ang'ania. Wafagie kwa brashi kavu asubuhi na mapema, wakusanye kwenye ndoo (kuna jirani huko Entebbe anayewachukua kwa ajili ya kuku wake), ndipo upake sabuni. Mwambie mteja azime taa za nje usiku huo. Mwezi huu mwandamo ni Jumatano, kwa hiyo Entebbe nimewaandikia Jumatatu inayofuata, saa moja asubuhi, brashi tatu.